Shuka la Watu Wawili

Sauti ilimtoka kabla hajaichagua.

Yalikuwa maneno mawili tu, mafupi na makali, ya lugha ambayo Mwenyekiti hakuwahi kuitamka mbele ya watu wa chumba hiki. Vua! Jitoe! Ndiyo maana yake. Mama Pacha alikuwa ameshanaswa mkono wa koti lake la kazi kati ya mapipa mawili ya chuma ya mashine ya pasi, yale yanayozunguka kutwa nzima yakiwa ya moto kama jehanamu. Watu walikuwa wakimpigia kelele, "Zima!" "Rudi nyuma!" "Mungu wangu!" na kelele zote hizo zilimpita kama upepo upitavyo kwenye wavu. Maneno yale mawili yalimwingia. Aliinamisha bega, akajinyonganyonga, koti likamvuka mwilini kama ngozi inavyomvuka nyoka, likaingia motoni peke yake. Likatokea upande wa pili limepigwa pasi safi, vifungo vimesagika unga.

Ndipo Sabuni, mpakiaji wa mashine za kufulia, alipotoka mbio kule mwisho wa chumba akaipiga swichi kwa kiganja.

Sabuni hakuwa mtu wa swichi. Mtu wa kulinda swichi asubuhi ile alikuwa Kibiriti, naye alikuwa amesimama palepale, karibu kuliko wote, mashine ameipa mgongo, akinyoosha foronya mezani. Aligeuka baada ya mapipa kusimama, baada ya sakafu kuacha kutetemeka, akakuta watu wote wamemkodolea macho.

"Kuna nini?" akauliza.

 Mama Pacha alikuwa chini, amelikumbatia goti la Mwenyekiti, analia na kusema, kusema na kulia, kwa lugha yao ya ng'ambo ya mto. Alisema ameona watoto wake wawili wakiwa yatima. Alisema Mungu amlinde aliyemzaa dada huyu. Na Mwenyekiti, kwa kujisahau, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kila neno, kichwa. Kila neno, kichwa.

Sabuni alihema, akajifuta jasho. "Mwenyekiti," alisema, "ulimwambia nini huyu?"

"Nilimwambia atoke."

"Hilo nimeliona. Nauliza ulimwambia kwa lugha gani. Maana mdomo ule haukuwa wako."

Kibiriti hakuuliza kitu. Macho yake yalikuwa midomoni mwa Mwenyekiti, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikuwa mtu wa kukutazama mdomo ukisema, kama anayesubiri uudondoshe uongo aukanyage. Sasa uso ule ulianza kubadilika polepole, kama shuka linaloungua.

"Wewe ni wao," alisema.

*

Chumba cha kufulia cha hospitali kiko chini, nyuma ya jiko, mahali ambapo madaktari hawafiki na wagonjwa hawajui kama pako. Mashuka yote ya wodi huletwa huko yakiwa na damu, na matapishi, na jasho la homa, na hutoka huko meupe, kana kwamba hakuna aliyewahi kuumwa duniani. Ni kazi ya kelele. Mashine huunguruma mpaka meno yakacheza, ndiyo sababu mwenyekiti wa wafanyakazi huvaa filimbi shingoni: filimbi ya kuanza, filimbi ya chai, filimbi ya hatari.

Ni kazi ya watu wawili, tena. Shuka halikunjwi na mmoja. Kila mtu hushika pembe zake mbili, wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana tena, kama wacheza ngoma walionuniana. Kulilisha mashine ni vivyo hivyo: wawili, pembe kwa pembe, kwa pamoja. Mmoja akitangulia, shuka linakwenda upogo; na anayelivuta ili linyooke ndiye anayesogeza vidole vyake motoni.

Ndiyo maana Wavukaji walikuwa wakiimba. Wavukaji ni jina walilopewa. Wao wenyewe hawakujiita hivyo. Walikuja mmoja mmoja kutoka ng'ambo, wakapewa kazi ambazo wengine walizikimbia, wakasimama kwenye mapipa ya moto na kuimba ili mikono yao iende pamoja. Wimbo ukipanda, shuka linaingia. Wimbo ukishuka, linatoka. Mashuka yao hayakuwahi kwenda upogo.

Kisha Kibiriti akaanza kulalamika. Wanatusengenya, alisema. Wanacheka wakitutazama. Mtu anakutukanaje mchana kweupe na wewe unamshikia ndoo? Maneno yakazaa maneno, kama panya darini, mpaka yakapanda ngazi yakamfikia msimamizi. Msimamizi alikuwa mtu mpole mwenye funguo nyingi, asiyependa kuonekana ameamua jambo. Akatoa agizo: wiki moja ya majaribio, bila nyimbo, lugha moja tu chumbani. Mwisho wa majaribio wafanyakazi wapige kura wenyewe. Kura ikisema lugha moja, atakayefungua kinywa kwa nyingine atafute kazi kwingine.

Siku ya koti kuungua ilikuwa siku ya kura.

*

Walikutana baada ya chakula, kati ya vikapu vya nguo chafu na meza za kukunjia. Msimamizi alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, magoti pamoja, funguo mapajani.

"Mimi ni mtu wa demokrasia," alisema. "Siingilii. Wengi wape. Mwenyekiti, endesha kikao."

Mwenyekiti alisimama. Filimbi kifuani ilikuwa nzito kama kengele ya ng'ombe. Alimchagulia maneno kila mtu aliyemwona mbele yake, na kila mtu alikuwa amekwisha kumchagulia yake.

Mama Pacha aliomba kusema kwanza. Alikuwa ameazima koti la mtu mwingine, mikono ikamzidi, akawa anaikunja huku anazungumza.

"Mimi nikiimba nahesabu tu," alisema. "Nyinyi mnasema tunawatukana. Ule wimbo ni wa mbuzi. Mbuzi alikula kofia ya bwana harusi, bwana harusi akaenda kuoa kichwa wazi, mkwe akamkataa. Basi. Mbuzi, kofia, mkwe. Kama kuna mtu hapa ni mbuzi, anisamehe."

Watu walicheka, hata msimamizi alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti aliona mabega yakilegea. Alifikiri, kwa dakika moja ya matumaini, kwamba mbuzi yule atawavusha.

Kibiriti hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni, na wenzake walipocheka alitazama huku na huku, uso kwa uso, akitafuta kilichosemwa. Kisha akasimama kwa ghafla.

"Chekeni!" alisema kwa ile sauti yake kubwa iliyompa jina. "Mimi sichekeshwi. Nataka nikikaa kazini nijue ninaambiwa nini. Ni dhambi? Mtu akisema mbele yangu, nijue amesema nini. Na ninyi mnanifanya mchawi!"

"Nani kakufanya mchawi?" alisema Mvukaji mmoja, akimsogelea usoni. "Ulikuwa kwenye swichi. Tulikuita kwa jina! Mara ngapi? Ulimwacha aliwe kama mahindi kinuni."

"Nilikuwa..." Kibiriti aliacha mdomo wazi, akaufunga. "Nilikuwa na kazi yangu."

Jibu lile liliwapita watu kama baridi. Mwenyekiti mwenyewe lilimchoma. Kibiriti alikuwa shoga yake. Mlango wa chumba chake ulitazamana na mlango wake uani. Walikuwa wakiazimana chumvi, na mkaa, na khanga za misiba. Alijua hasira za mtu huyu, alijua kiburi chake cha kuitwa kwa nyuma asiitike. Hakujua ana roho ya kumwacha mtu aungue.

"Kura," alisema msimamizi taratibu. "Tusitoke nje ya mada. Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti gani?" Kibiriti alimgeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na sauti haikupungua. "Kikulacho ki nguoni mwako! Tumekula sahani moja. Mama yako nimemwogesha kwa mikono yangu alipougua. Bubu! Mkaniambia bubu! Naye ni Mvukaji kama wewe, si ndiyo? Mama yako ni bubu au si bubu?"

 Mashine zilikuwa zimezimwa, na ukimya wa chumba kile ulikuwa kitu kigeni, kama mtu usiyemjua aliyeingia bila hodi.

Mwenyekiti angeweza kusema ni bubu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limesuguliwa na miaka likawa laini. Badala yake alivua filimbi, akaipitisha kamba juu ya kichwa, akaiweka mezani mbele ya msimamizi.

"Si bubu," alisema. "Na mimi kura hii siiendeshi."

"Unakataa kura?" msimamizi alishtuka kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Wewe, uliyechaguliwa kwa kura?"

"Nilichaguliwa niwapangie saa za chai. Niseme nani afungue dirisha na nani afunge. Hayo tunapigia kura, na wengi tunawapa, na aliyeshindwa anavaa sweta. Lakini kinywa cha mtu si dirisha la chumba hiki." Akaitia mikono mifukoni. "Leo wengi ni ninyi, mmechoka na wimbo wa mbuzi. Kesho wengi watakuwa wengine, watachoka na jinsi unavyosali, au unavyomlilia maiti wako. Mtaitwa hapa, mtakaa juu ya vikapu, mtahesabiwa mikono. Pigeni kura mkitaka. Mimi nitasimama upande unaopigiwa."

Akavuka chumba. Hazikuwa hatua nyingi, lakini hakuwahi kutembea njia ndefu kama ile. Akaenda kusimama na Wavukaji, kando ya vikapu. Hakuna aliyemshika mkono. Nao hawakujua kama wamkaribishe au wamwulize alikuwa wapi siku zote.

"Hapo sasa kiti kimeota misumari," Sabuni alinong'ona.

Msimamizi aliichukua filimbi kwa vidole viwili, akaitia mfukoni. "Basi nitaendesha mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mashine. Na kesho," akamtazama Kibiriti, "nitataka pia kujua habari ya swichi. Mtu asiyeweza kulinda swichi hawezi kukaa chumba hiki."

*

Sikio halilali na njaa. Mwenyekiti alipofika uani, jua bado halijatua, habari zilikuwa zimeshafika, zimeshavua viatu, zimeshakaa. Watu walijibu salamu yake nusu nusu. Mwanamke aliyekuwa anateka maji bombani alimtazama yeye, kisha akautazama mlango wake, kwa hofu.

Alikuwa na sababu. Ua mzima ulikuwa umemwaga siri zake mapajani mwa mama wa Mwenyekiti. Nani asingemwambia bubu? Waliingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye kigoda, wakatua mizigo yao: mume aliyepotea, mtoto asiye wa baba yake, kuku wa jirani aliyeingia chunguni kimakosa. Mama alisikiliza, akawapapasa mkono, wakatoka wepesi. Waliwahi kusema mama huyu ana baraka.

Ububu aliuchagua mwenyewe. Walipoingia mji huu, binti akiwa msichana, mwenye nyumba wa kwanza alimsikia mama akisema "tunaomba chumba", akasikia matamshi yaliyopinda, akafunga mlango. Mlango wa pili mama alipoulizwa, aligusa koo lake, akatikisa kichwa. Wakapata chumba. Tangu hapo mama na mwana walinong'onezana tu, usiku au redio ikiwa juu, na watu wakasema bubu yule anaipenda redio kweli.

Redio ilikuwa juu jioni ile pia. Mama alikuwa anachambua mchele karibu na dirisha. Alimtazama binti yake kifuani.

"Filimbi iko wapi?" alinong'ona.

"Imekwenda."

"Wamekuvua, au umevua?"

"Nimevua." Akaketi kitandani, akamweleza yote: koti, kelele, kikao, kesho. Swichi aliiacha mwisho. "Kibiriti, mama. Aliitwa kwa jina, akasimama kama nguzo. Sikujua ana roho hiyo."

Mkono wa mama ulisimama kwenye ungo.

"Mama? Mbona umenyamaza?"

"Kunyamaza ndiyo kazi yangu," alisema mama.

Mlango ukasukumwa. Kibiriti hakupiga hodi. Bado alikuwa na koti la kazi, na uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyelia njiani akajifuta kwa mkono mchafu. Alimpita shoga yake kana kwamba ni kiti, akasimama mbele ya mama.

"Kwa hiyo unasema," alisema.

Mama aliweka ungo chini. Akainuka, magoti yakimlalamikia, akaenda kuizima redio. Kisha akafanya kitu ambacho Mwenyekiti hakukielewa: alimshika Kibiriti mkono, akamvuta mpaka dirishani, akajigeuza yeye mwenyewe jua la jioni likampiga usoni. Ndipo akafungua kinywa. Hakunong'ona. Alisema polepole, kila neno akilipa nafasi yake midomoni.

"Nasema, mwanangu. Nasema vibaya, lakini nasema."

Maneno yalitoka yamepinda kama misumari iliyong'olewa ukutani. Kibiriti aliyatazama yakitoka.

"Nilikuambia mambo yangu," alisema, "nikijua yanaingia shimoni."

"Yaliingia shimoni." Mama alimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Huyu analala pale. Tunanong'ona kila siku. Muulize anajua lipi lako."

Kibiriti aligeuka. "Unajua nini?"

"Najua uliitwa ukakaa kimya," Mwenyekiti alisema. "Hilo tu."

Mama aliinua mkono. Kidole kilipanda, kikafika karibu na sikio, kikasita hapo hewani. Nyusi zake zikamwuliza Kibiriti swali.

Kibiriti aliliona. Alirudi nyuma hatua, akakikuta kigoda, kigoda kilekile alichokalia siku zote, akaketi.

"Mwambie," alisema. "Si unajua kusema? Mwambie mwanao."

"Si langu," alisema mama. "Nimelitunza. Kulisema, liseme mwenyewe."

Nje bomba lilikuwa likimwagika ndooni. Kibiriti alitazama viganja vyake. Mtu yule ambaye akiomba chumvi ua mzima hujua amekosa chumvi, alisema kwa sauti ndogo mno, kama aliyekuwa hana uhakika itatoka:

"Sisikii."

Mwenyekiti alisubiri sentensi iendelee. Kisha akaelewa kwamba imeisha.

"Ile mashine imenila masikio. Kidogo kidogo. Nikidhani ni uchafu, nikidhani ni baridi. Sasa nawasikia kwa macho. Ninyi midomo yenu naijua. Najua unavyosema chai, najua Sabuni anavyotania. Wale wakisema naona midomo inacheza tu. Wakicheka, nadhani wamejua. Wakinyamaza, nadhani wamejua. Nikasema, basi wote waseme kitu ninachoweza kukiona." Alivuta pumzi. "Asubuhi nilikuwa natazama foronya. Mngeniita mpaka jioni."

Mwenyekiti akayaona yote upya. Kiburi cha kutoitika. Sauti kubwa waliyoiita hasira, wakaipa jina, wakaichekea. Macho yasiyobanduka mdomoni. Meza moja walikuwa wamekaa watu wawili, kila mmoja amejifunika shuka lake, na kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa giza.

Alitaka kusema, akakumbuka, akasogea kwenye jua kwanza. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniambia wewe?"

Mwenyekiti alichutama mbele ya kigoda, uso kwa uso naye.

"Kesho msimamizi ataniuliza habari ya swichi," Kibiriti alisema. "Nikisema kweli, natoka, nani anamweka kiziwi kwenye mashine? Nikinyamaza, mimi ni muuaji."

"Na kura?"

Kibiriti aliinuka, akajifunga koti. Sauti ikarudi ukubwa wake. "Kura ni yangu. Usinipangie."

Mlangoni mama alimgusa bega ili ageuke. "Lala salama, mwanangu," alisema, kwa nguvu, mlango ukiwa wazi, ua mzima ukisikia. Pale bombani ndoo ilijaa, ikafurika, na mwenye ndoo akabaki ameshika mkono wa bomba, maji yakimwendea miguuni.

*

Asubuhi mashine zilikuwa baridi. Msimamizi alisimama mbele ya mapipa ya chuma, filimbi shingoni. Kamba ilikuwa fupi kwake, filimbi ikamkaa karibu na kidevu kama kitu kilichomkwama. Mwenyekiti alikuwa upande wa vikapu. Mama Pacha alikuwa kando yake, na leo mabega yao yalikuwa yakigusana. Hakuna aliyemtuma mwenzake, yaligusana tu.

Aliwatazama waliokuwa upande wa pili, akahesabu kwa moyo. Walikuwa wengi. Nusu yao hawakuwa na ubaya na mtu, na ndio waliomtisha zaidi, kwa kuwa wangeinua mikono ili wamalize, wakafanye kazi.

Kibiriti alisimama peke yake katikati, karibu na meza. Hakumtazama Mwenyekiti. Alikuwa akimtazama msimamizi mdomoni.

"Tuanze na kura, ya swichi yatafuata," msimamizi alisema. "Ni jambo la amani. Hakuna anayechukiwa. Wanaotaka lugha moja chumbani, mikono juu."

Mkono mmoja ulipanda nyuma. Mwingine. Mingine miwili, kwa pamoja. Sabuni aliinua wake mpaka usawa wa sikio, akaanza kujikuna nao, hauko juu wala chini. Msimamizi alinyoosha kidole, akaanza kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikimsogea.

Kibiriti aliondoka mezani.

Alikwenda kwenye kikapu cha mashuka yaliyofuliwa, akachomoa moja, zito, bado lina unyevu. Akalipunga hewani likafunguka kwa mlio kama wa kofi. Akavuka chumba akiliburuta nyuma yake mpaka kwa Mama Pacha. Akatafuta pembe mbili, akamnyooshea.

"Shika," alisema.

Mama Pacha alizitazama pembe zile. Akautazama mkono uliozishika, mkono ambao jana haukuifikia swichi. Koti la kuazima lilikuwa bado limemzidi. Hakushika.

"Jana sikukusikia," Kibiriti alisema. Alisema kwa sauti yake yote, kila mtu chumbani akasikia, na msimamizi akasahau alifika hesabu gani. "Leo pia sikusikii. Hata ukipiga kelele. Kwa hiyo ukiimba, nitazame usoni."

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Mwenyekiti alisogea mbele, akajizuia. Halikuwa jambo lake kulisemea.

"Nimesema mikono juu," msimamizi alisema. "Wewe. Mkono wako uko wapi?"

Kibiriti hakumwona, maana alikuwa amempa mgongo.

Mama Pacha aliikunja mikono mirefu ya koti, mmoja, kisha wa pili. Akashika pembe. Wote wawili wakarudi nyuma, shuka likanyanyuka kati yao, likakaza, likawa jeupe na bapa kama kitu ambacho hakijawahi kumfunika mtu. Mikono minne, pembe nne. Nyuma yao mikono ya wengine ilikuwa bado hewani, ikianza kuchoka, na Sabuni alikuwa ameacha kujikuna.

Mama Pacha aliinua kidevu, uso wake ukaingia kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza, polepole kuliko alivyowahi kuuimba, wimbo wa mbuzi aliyekula kofia. Kibiriti alikaza macho. Wakasogeleana. Na walipokutana katikati, pembe juu ya pembe, midomo ya Kibiriti ilikuwa imeanza kucheza nayo, bila sauti, nyuma kidogo ya wimbo, ikilitafuta neno.